Kuku Niliyemwokoa Likasi

Chuoni Morogoro nilikuwa nikiandika tasnifu kuhusu haki za wanyama tunaowala, na nyama nilikuwa nimeshaiacha. Mwalimu wangu akanitania kwamba naandika habari za majiko ya watu bila kuingia jikoni. Kwa hasira nikafunga safari ya Likasi, huko Kongo, kuziuliza familia za wafanyakazi wa madini zinawaonaje wanyama wao.

Nilipofika Lubumbashi, asubuhi nikapanda basi la Likasi. Njia nzima tulikuwa nyuma ya malori ya madini, nami nikijisomea maswali yangu, mapya na makali.

Likasi, mchana. Papa Kalenga, mstaafu wa kiwandani, na mkewe Maman Régine walinipokea. Kabla sijakaa sawasawa, Maman akaniwekea mikononi mtetea mwekundu.

“Kuku ya mugeni. Umuangalie, kisha unirudishie, nimupike.”

Nikadhani naombwa uamuzi. “Mwacheni aishi,” nikasema, nikamweka chini. Akatimkia uani.

“Unaikatala juu ya nini?” Papa akauliza. “Unatuona siye bamaskini?”

Nikaeleza kwamba namhurumia, sili nyama. Maman alikuwa karibu kulia.

“Minye nilimulea juu ya mugeni. Siye hatuwezi kumukula. Sasa atakuwa wa nani?”

Tulikula bukari, ugali wa kwao, na sombe, yaani kisamvu, na maswali yangu hayakutoka begini.

Kesho yake, kwenye kuondoka, Maman akanikabidhi mtetea yuleyule, miguu imefungwa. “Ni wako. Wende naye.” Safari hii sikuthubutu kukataa.

Ndani ya basi konda alitaka kumtupa juu na mizigo. Nikampakata. Alikuwa anahema, mdomo wazi, nikamnywesha maji kwa kizibo cha chupa. Niliona aibu, na sikujua namwonea aibu nani.

Lubumbashi, jioni. Mwenye nyumba ya wageni hakutaka kuku chumbani, na mpakani nisingemvusha. Nikampa mpishi. Sahani ilipofika mezani, simu ikalia.

“Kuku yetu iko je?” Ni Maman Régine.

Nikala kipande kwanza, nisije nikamdanganya. “Mutamu, Maman.”

Akapiga vigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni.

Mwalimu ananiuliza nimejifunza nini, namwambia sijui. Ninachojua, ningemrudisha kuku yule mikononi mwa Maman, angekufa siku ileile, uani kwake, bila kamba miguuni.