Kisiwa Kilichonipoteza

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kadiri ninavyoikumbuka ndivyo ninavyozidi kutoielewa. Sijawa mzee wa mkongojo. Nimepita arobaini juzi tu, na miguu yangu bado inawashwa na safari. Nimekaa Port Victoria, nimekaa Maseno, nimepanga chumba Kisumu mara tatu na kuhama mara tatu. Lakini mtu hazeeki kwa miaka peke yake, na siku hiyo ilinizeesha kidogo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Tulikuwa tukiishi upande wa Seme, chini ya Kombewa, mahali ambapo ziwa limeingia nchi kavu na kufanya ghuba ndogo. Nyanya yangu, aliyenilea, alikuwa amelala wiki nzima akihema kwa shida. Asubuhi hiyo aliniita karibu na kitanda, akaniambia nikamlete ndugu yake mdogo, Mzee Ogola, fundi wa mitumbwi, aliyekaa ng'ambo ya ghuba.

Lazima ujue uzito wa neno hilo. Miaka sita kabla, babu yangu alipofariki, Mzee Ogola hakuja matangani. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi yako na mkaendelea kusalimiana, lakini asipofika kumzika shemeji yake hilo halisahauliki. Tangu hapo nyanya hakulitaja jina lake. Sasa alilitaja. Nilimuuliza nimwambie nini, akasema, "Mwambie aje. Nina neno lake."

Siku za kawaida ungevuka kwa mtumbwi na kufika kabla uji haujapoa. Lakini mwaka huo gugumaji lilikuwa limefunga ghuba. Maji yalikuwa kijani kama shamba la kunde, na mitumbwi imekwama ufukweni. Ilibidi kuzunguka kwa miguu, kwa njia ya msituni, ambayo watu wazima waliijua na mimi nilidai kuijua. Shangazi alitaka nifuatane na jirani. Nilikataa. Nilikuwa nimesoma jiografia, nami niliamini aliyesoma ramani hapotei.

Msitu ule ulikuwa kimya, mwanangu. Kimya cha kukufanya usikie shati lako likikwaruza. Njia ilipanda kilima, ikapita kati ya miti mikubwa ambayo siku hizi imebaki michache, kisha ikashuka tena ufukweni, kwa kuwa huku nyuma mwamba na mafunjo vilizuia kupita kando ya maji. Pale iliposhukia niligeuka nyuma nitazame. Niliona vijia vingi vikitoka msituni kuja ziwani, vya ng'ombe na vya wachota maji, na vyote vilifanana. Nikaona ni busara kuweka alama. Mkabala na kijia changu, majini, kulikuwa na kisiwa cha kijani, mafunjo marefu yamesimama juu yake na korongo mmoja mweupe. Nikajiambia, kisiwa kile ndicho mlango wangu.

Nilimkuta Mzee Ogola akiziba ufa kwenye mtumbwi. Nilipompa ujumbe aliuacha mtumbwi. Alinawa mikono, akavaa koti lake la kanisani, akasema twende. Wakati wote nilikuwa nimedhani atakataa.

Yeye njia ya msituni hakuijua. Maisha yake yote alikuwa mtu wa maji. Alinifuata nyuma kama mgeni, akinitania kwamba miguu yangu ni mirefu kama ya korongo. Adhuhuri ilikuwa imepita na upepo ulikuwa ukitoka ziwani. Nilikiona kisiwa, mafunjo yake na kila kitu, nikafurahi kwamba tumekifikia mapema kuliko nilivyotarajia. Wepesi huo ulipaswa kunishtua, lakini haukunishtua. Nikapinda, tukapanda.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu unaonifanya nione miti mipya. Kisha njia ikagawanyika mahali ambapo asubuhi haikugawanyika. Nikachagua kulia bila sababu. Tulipita mama mmoja akikata kuni, nikamsalimu kwa sauti ya mtu anayejua aendako. Mzee Ogola akaninong'oneza nimuulize. Nikamwambia, "Babu, aliyetumwa ni mimi." Akanifuata.

Tulitembea. Jua lilikuwa kushoto, halafu likawa mbele, halafu sikulijua liko wapi. Ziwa tulilisikia pande mbili. Nilianza kuzungumza sana, nikimweleza habari za shule, ili asisikie moyo wangu. Saa nyingine nilikuwa na hakika kabisa, na hatua kumi mbele hakika hiyo ilikuwa imekwisha. Hata leo ukiniambia nichore tulikopita, siwezi. Niliyemwona mwisho ni yule yule mama, mzigo wake wa kuni sasa umefungwa tayari.

"Mmezunguka kilima chote mje kunisalimu mara ya pili?" akauliza.

Mzee Ogola aliketi juu ya kisiki, akavua kandambili zake za tairi na kukung'uta mchanga. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nyakwara," akasema, maana aliniita hivyo, yaani mjukuu wangu kwa Kiluo, "mtumbwi hauna nahodha wawili, ndiyo maana nilikuachia. Lakini hata nahodha hupima kina. Mimi sina haraka ya kufika. Dada yangu ndiye mwenye haraka."

Basi nikauliza. Yule mama alitaka kujua nilipotezaje njia, nikamweleza habari za kisiwa. Alicheka mpaka akashika mti. "Wewe kijana, uliweka alama kwa gugumaji? Asubuhi liko huku, upepo ukigeuka liko kule. Hata mtoto wangu wa kunyonya anajua hilo halina nyumba." Alijitwika kuni zake, akatutangulia mpaka kwenye njia ya kwetu, na njiani hakuacha kucheka.

Tulifika jua likigusa maji. Shangazi alikuwa mlangoni. "Alikuwa anaongea," akasema. "Sasa hivi tu alikuwa anaongea. Alikuwa akiuliza mmefika wapi."

Nyanya alimtambua ndugu yake. Alimshika mkono, midomo yake ikacheza. Mzee Ogola aliinama akaweka sikio pale, akakaa hivyo muda mrefu sana, lakini hapakuwa na neno, pumzi tu. Nyanya aliishi siku mbili zaidi, na neno halikurudi.

Baada ya mazishi Mzee Ogola aliniuliza kama nyanya aliniambia ni neno gani. Nikamwambia hapana. Akatazama chini. "Labda alitaka kunisamehe," akasema. "Labda alitaka kunilaani kwa sababu ya mumewe. Sasa nitashika lipi?"

Watu wamenifariji kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Sijui. Pengine hata tungewahi, sauti yake ingekatika kabla ya mlango kufunguliwa. Pengine ingetosha kwa neno moja tu. Nimezunguka ghuba ile mara nyingi tangu hapo, peke yangu, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, na bado sijui kama saa zile mbili za kupotea zilikuwa zangu au za Mungu. Nalijua moja tu, kwamba nilipompita yule mama mara ya kwanza nilikuwa tayari najua nimepotea. Nilijua, nikamsalimu, nikapita.

Kwa hiyo nasaha yangu si ndefu. Usichague kiongozi wa maisha yako kwa kuwa anaonekana vizuri leo. Tazama kwanza kama ana mizizi. Na siku utakapohisi umepotea, uliza hapo hapo, hata kama atakayekujibu atakucheka. Kicheko kinapita. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kutouliza kunaweza kuwa ni kumwibia mwingine, maana safari yako mara nyingi si yako peke yako. Na kama una ndugu ambaye hamsemezani, usingoje atume mtu. Nenda sasa, angali na sauti.

Mungu akupe miguu yenye nguvu, mwanangu, na ulimi usioona haya. Wakuitao wakuone wangali hai, na neno lako liwafikie wote unaowapenda.