Jirani Aliyebadili Globu Ambazo Hazikuungua

Ijumaa asubuhi mke wangu alirudi kutoka sokoni kabla ya wakati wake, kapu likiwa tupu, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa pale ninapokuwa siku zote, kwenye kiti cha plastiki barazani, nikifanya kazi ninayoiweza kuliko zote, yaani kutokwenda popote. Akasema, "Yule mtani wako amefariki. Jana jioni, hospitali." Nikamwuliza mtani yupi, kana kwamba ninao wengi. Tangu saa ile, ndugu msomaji, sijatulia. Nimebandika chai nikaisahau mpaka sufuria ikanuka. Nimeanza kufagia uwanja nikaacha fagio katikati. Redio nimeiwasha, nimeizima, nimeiwasha tena bila kujua inasema nini. Mtu ambaye mtaa mzima wa Singe unasema ameota mizizi, leo nazunguka nyumba yangu kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Tulifahamiana mkoa wetu ulipokuwa bado unanukia rangi mbichi. Waliokuwepo Babati miaka ile wanakumbuka. Tulilala tukiwa wilaya ya mkoa wa Arusha, tukaamka makao makuu ya mkoa wa Manyara. Ofisi zilifika kabla ya majengo, maofisa walifika kabla ya vyumba, na kila mwenye banda la kuku akaanza kulipiga plasta apate mpangaji. Yeye alihamishwa na ofisi yake, akaja na mkewe, magodoro, na gari dogo jeupe lililokuwa limetembea mikoa mingi kuliko mimi, jambo ambalo si gumu. Akapanga nyumba iliyotenganishwa na yangu kwa ua wa minyaa. Wiki ile ile alisimama uani akaniuliza kabila langu. Nilipomtajia, akatulia akifanya hesabu kichwani, kisha akasikitika kama mtu aliyeambiwa mzigo wake umebaki stendi. "Basi hatuna utani," akasema. "Kabila langu na lako hayajawahi hata kupigana. Ni hasara hii, kaka. Kwetu mtu akihamia mahali asipokuwa na mtani, ni kama anajinyoa bila kioo. Nani atamwambia kwamba ndevu zimebaki upande mmoja?"

Nikamwambia, "Kwani utani unashuka mbinguni? Tuanze leo." Hakungoja nimalize. "Vizuri. Basi wewe ni kobe. Tangu nimefika sijakuona nje ya minyaa hii." Nami nikamjibu kwamba gari lake linakohoa vibaya, alipeleke hospitali, si gereji. Hivyo ndivyo tulivyotiliana saini mkataba. Kuanzia siku ile alikuwa na ruhusa ya kunitukana hadharani, nami sikuwa na ruhusa ya kununa, na kinyume chake vilevile.

Sasa, mkewe alikuwa na cherehani na kibanda cha kushonea nguo kule Bonga, na kila jioni giza lilipoanza kuingia marehemu alikuwa akienda kumchukua kwa gari. Baada ya muda akaanza kulalamika juu ya taa. Haziangazi, alisema. Akanunua globu mpya, haikusaidia. Akanunua ya pili ya aina nyingine, ikawa vilevile. "Globu za siku hizi maji matupu," aliniambia. Fundi umeme akazipima akamwambia, "Mzee, taa zako nzima." Akamwacha fundi huyo akisema naye ni fundi wa mkoa mpya, bado anajifunza. Hatimaye akatangaza kwamba Jumamosi atabadili globu mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mikono yake, nami nitakuwa msaidizi. Nilikubali kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti changu.

Asubuhi ya siku hiyo mkewe alinifuata kwenye minyaa. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kufua, lakini hakuwa na nguo mkononi. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "ile si globu. Ni macho yake. Jana pale njiani nusura ampitie mama mmoja na punda wake wa maji. Mimi kutoka Bonga mpaka hapa nafumba macho naomba Mungu. Yaani mwenye macho kafumba, asiyeona ndiye anaendesha." Nikamwuliza kwa nini hamwambii. "Nimwambie mara ngapi? Ananijibu kwamba sijui kuendesha, nitajuaje. Mwambie wewe, shemeji. Ndiyo kazi ya mtani. Ataua mtu yule, au ataniua mimi." Nikarudi kukaa. Nikasimama. Asubuhi ile, kama leo, kiti kilikuwa na miiba.

Jioni mtani akaligeuza gari likautazama ukuta wa nyumba yake, tukafungua boneti. Kubadili globu, kwa anayeijua, si kazi ya kutoa jasho. Unazima taa uiache ipoe, unachomoa soketi kwa nyuma, unavua kifuniko cha mpira, unakibonyeza kile kiwaya kinachoibana globu, unatoa ya zamani, unaweka mpya. Sharti moja tu: kioo chake usikiguse kwa vidole, maana mafuta ya mkono yakipata moto huiunguza mapema. Mtani wangu akaitoa ile mpya kwenye kiboksi, akaisogeza mpaka puani, akaanza kuigeuza na kuipapasa kwa dole gumba kama anayekagua yai. Nikapiga kelele. "Usishike kioo!" Akashtuka. "Kioo kiko wapi?" Nilidhani ni utani. Nikamnyang'anya, nikaifuta kwa kitambaa safi, nikamwambia aniachie mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne. "Fizikia ulipata ngapi?" akauliza. Nikamwambia hiyo ni siri yangu na mwalimu wangu.

Upande wa taa tuliyoibadili betri imekaa karibu kiasi kwamba mkono wa mtu mzima hauingii bila kuacha ngozi. Niliacha ngozi. Globu ile ina meno matatu, na kila jino lina kitobo chake, lakini mimi sikuwa na subira ya kutafuta jino la nani ni la wapi. Nikaisukuma, kiwaya kikabana, nikatangaza ushindi. Akaingia ndani ya gari akawasha. Ukuta ukawaka. Niliona kila ufa wa plasta, niliona alama ya mpira wa watoto wa mpangaji aliyepita, nikaona na mjusi mmoja aliyeduwaa karibu na dirisha, hajui akimbilie wapi.

"Unaona?" akasema akichungulia dirishani. "Hafifu! Si nilikwambia? Hata hii maji matupu."

Mkewe, ambaye siku hiyo hakwenda Bonga, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika mwiko, ananitazama mimi, si taa.

"Mtani," nikasema, "unamwona yule mjusi?"

"Mjusi gani?"

"Yule pale. Karibu na dirisha. Mkubwa."

Akashuka. Akatazama ukuta kwa muda mrefu, shingo mbele, macho yamebanwa. "Hakuna mjusi hapa," akasema, ila safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Yupo. Taa ni nzima, mtani. Globu zote ulizozitupa zilikuwa nzima. Chongo si gari. Chongo ni wewe."

Nilitegemea atukane, maana mkataba wetu ulimruhusu. Hakutukana. Alifunga boneti taratibu, akafuta mikono, akasema bila kunitazama, "Nenda kwako." Lile halikuwa la utani. Nilichanganyikiwa hata nikamwambia shikamoo badala ya kwaheri, nikapita penye pengo la minyaa.

Kesho yake sikula mchana. Jioni nikasimama nyuma ya ua kama mwizi, nikisikiliza. Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikawaka, ikakohoa, ikanguruma pale pale bila kuondoka. Kichwani nikamwona mama wa watu na punda wake wa maji, ingawa sijawahi kukutana naye. Kisha injini ikazimwa. Punde akatoka getini kwa miguu, koti begani, akashika njia ya kituoni kutafuta gari la abiria la Bonga. Walirudi pamoja, mkewe amemshika mkono, na walipokaribia ua wangu shemeji akapaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Leo nimesafiri macho wazi!"

Zilipita siku kadhaa kabla hajanisemesha. Siku moja akasimama kwenye minyaa, uso mzito. "Mtani, nimetoka kupimwa. Wanasema nina mtoto wa jicho. Tena mapacha, kila jicho na wake. Kwa umri huu!" Nikamwuliza, "Shemeji anajua?" Akacheka mpaka akashika ua, utomvu wa minyaa ukamwasha, akanilaumu mimi. Alikwenda kufanyiwa upasuaji nje ya mkoa, na aliporudi jambo la kwanza alilofanya ni kuja kunikodolea macho. "Kumbe sura yenyewe ndiyo hii," akasema. "Wangeniambia mapema, nisingepoteza nauli." La pili, alinivuta mpaka kwenye gari akawasha taa. Moja ilikaa ukutani kwa adabu. Ile niliyoifunga mimi ilikuwa inaangaza paa. Naapa siku ile niliiona imepanda, nikadhani ni mteremko wa uwanja. "Gari langu halikuwa chongo," akasema mtani wangu, "ila wewe umelifanya kengeza."

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Siku hizi zote ninapozunguka nyumba nalifikiria neno hilo. Wenzake wa ofisini waliokuwa wakipanda gari lake walikuwa wanaona, na fundi alikwisha kumwambia, lakini mbele yake wenzake wote walikubali kwamba taa za mkubwa hazina nguvu. Si kwa ubaya. Wengi walikuwa wageni katika mkoa mgeni, kila mmoja ametoka kwao, na mgeni huogopa kumuudhi mgeni mwenzake. Sote tukajifunza kusema "sawa, mkuu" kabla hata mkuu hajamaliza. Mji umekua tangu hapo, una lami na maghorofa na bajaji zisizo na subira, lakini adabu ile tumeikuza pamoja nao. Bomba likikauka tunalaumu jua, wanafunzi wakifeli tunalaumu mtihani, na safu kama hii ikichosha, mwandishi husema wasomaji wa leo hawapendi kusoma. Kila mtu ananunua globu.

Jumamosi tulimuaga pale nyumbani kwake, kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao. Mwenzake mmoja wa kazini akasimama akamsifu, kwamba maisha yake yote alikuwa dereva makini, mwenye jicho la tai. Mjane akainamisha kichwa. Niliangalia kushoto na kulia nikitafuta mtani wake wa jadi, mtu wa kabila lenye haki hiyo, afanye kazi ya watani msibani, kumtania marehemu mbele ya waombolezaji. Hakuwepo. Hapa Babati hakuwa na mwingine ila mimi wa mkataba wa minyaa. Miguu ikaanza kucheza yenyewe. Nikajiambia kaa, kobe wewe, utawaudhi watu wenye majonzi. Nikajikuta nimesimama.

"Tai gani?" nikasema. "Huyu alishindwa kumwona mjusi kwenye ukuta wake mwenyewe! Siku moja alisimamisha gari kuupisha mgomba, akausalimia, akadhani ni trafiki. Na alipopona macho akaanza kutukana sura za watu!"

Nikatamani ardhi inimeze. Kisha kutoka chini ya khanga nyeusi nikasikia mjane anacheka, kicheko kilichogeuka kilio na kugeuka tena kicheko. "Ndiye huyo," akasema. "Jamani, ndiye huyo wangu. Yule wa jicho la tai simjui."

Funzo nililorudi nalo ni hili. Anayekusifu usipostahili amemzika mtu mwingine, na anayekuambia ukweli ndiye anayekujua wewe. Mtu huyo haji mwenyewe. Lazima umchague ungali hai, umpe ruhusa kwa kinywa chako, na ukikasirika siku atakapoitumia, hasira iishie kwenye injini iliyozimwa. Marehemu alimchagua wake wiki ya kwanza aliyohamia. Mimi wangu ndiye tuliyemsafirisha Jumamosi. Itanibidi nitafute mwingine, na kwa jinsi ninavyouona mtaa huu wa watu wenye adabu, nachelea kwamba safari hii nitalazimika kutoka nyumbani.