Picha ya Kaka Zangu Watatu

Harufu ya mawese yanayochemka ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi mwaka ule, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alipika ndani ya chumba chetu cha ghorofa ya nane, mtaa wa Xiaobei huko Uchina, na wafanyabiashara wa Kikongo walipanda ngazi kuja kula fufu na sombe ya majani ya muhogo kabla ya kwenda kutafuta mizigo. Kuta zilinuka samaki mkavu, na jirani yetu Mchina aligonga mlango kulalamika mpaka akachoka. Asubuhi moja mama alibandika ukutani, juu ya meza ya wateja, picha ya kaka zangu watatu, Safari, Bahati na Innocent, tuliowaacha Kongo kwa bibi. Walikuwa wamejiunga na waasi waliotaka jimbo letu lijitenge liwe nchi. Safari alitangulia, na wadogo zake wakamfuata wiki hiyohiyo. Pichani walisimama na bunduki, vitambaa vyekundu mikononi. Innocent, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa akicheka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama aliwaombea akilia. Mimi niliona mashujaa tu.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Papa Désiré, aliyenunua mikoba kwenye viwanda vya Shiling na kuisafirisha kwao. Aliniletea machungwa na kunifundisha kuhesabu kwa Kifaransa. Siku ile alikaa, akamega fufu, kisha akainua macho akaiona picha.

“Mama Safari, hawa ni nani?”

“Watoto wangu,” mama alijibu kwa fahari. “Kikosi chao ndicho kilichoteka Kasimbula mwezi uliopita.”

Tonge likabaki mkononi mwake. “Mama yangu alikuwa Kasimbula,” alisema polepole. “Walimfungia ndani na watoto wawili wa dada yangu, wakaichoma nyumba.”

Mama angeweza kumpa pole, au hata kunyamaza tu. Badala yake alisema, “Vita ni vita, Papa.”

Papa Désiré aliinuka akapiga teke jiko. Sufuria ya mawese ikapinduka juu ya mguu wa mama. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile. Mama, huku akilia, alishika mchi wa kutwangia sombe akampiga nao mdomoni, mara mbili, meno yakaanguka sakafuni. Naye akamkaba koo. Nilimuuma mkono mpaka nikaonja damu yake, na bado hakuachia, mpaka wateja wanne walipomng'oa. Walimburuta nje akipiga kelele, “Umezaa nyoka! Umezaa nyoka!” Nilipomvua mama soksi, ngozi ilitoka nayo.

Wiki ya pili simu ikaja. Bahati na Innocent walikuwa wameuawa siku moja, kwenye daraja moja. Safari alinusurika, bila mkono wa kushoto. Mama alijipigiza kichwa ukutani mpaka nikamlalia mwilini ili asiinuke.

Sasa mama ni marehemu, na jiko nalishika mimi. Mwaka jana nilimuuliza Safari kwenye simu kama walikuwa Kasimbula.

“Mlango niliufunga mimi,” alisema. “Innocent alikuwa akilia, anasema tuwatoe. Nilimpiga kitako cha bunduki.”

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Papa Désiré, mtaa wa Dengfeng. Nilimwambia yote, nimesimama, nikingoja anipige. Mwenye kovu usidhani kapoa.

“Miaka yote hii nilitaka mtu wa nyumba yenu aseme,” alisema. “Umesema. Sasa ondoka, Furaha.”

Niliondoka. Utotoni, tangu siku ile ya mawese, nilimchukia mtu mmoja na kuwapenda watatu, na jambo hilo halikunisumbua hata kidogo. Leo Safari hunipigia simu kila Jumapili, hunisimulia habari za mihogo yake na za watoto wake. Napokea, kwa sababu ni kaka yangu, sina mwingine. Lakini akicheka, nashindwa kucheka naye.