Kabla Hujapokea Ufunguo wa Lori la Kampuni Ndogo

Ile siku Mama Neema aliponikuta nikifunga turubai kwenye maegesho ya malori pale Makambako, mwanangu, naikumbuka hadi rangi ya kitenge chake. Kilikuwa cha kijani, na miguuni alivaa mabuti ya mpira, maana mvua ilikuwa imenyesha na maegesho yote yalikuwa tope. Mimi nilikuwa dereva wa kampuni kubwa, malori yake yakienda Tunduma na kurudi Dar es Salaam bila kupumzika. Mwenye kampuni sikuwahi kumwona kwa macho. Ofisini nilijulikana kwa namba ya gari.

Mama Neema alikuwa mjane wa kijiji cha Kichiwa. Mumewe alimwachia lori moja, naye kwa kubeba mbao na viazi akaongeza mengine mawili.

"Baba Upendo," akaniambia, akiniita kwa jina la binti yangu wa kwanza, "nimeulizia madereva kuanzia Njombe mpaka hapa. Kila ninayemuuliza anakutaja wewe. Njoo tufanye kazi."

Moyo ulinijaa, sitakuficha. Tangu nishike usukani hakuna aliyewahi kunifuata kwa jina langu. Nikamwambia nitampa jibu upesi, naye akaaga. Kumbe karibu yangu alikuwa amesimama Mzee Mlowe, dereva mkongwe aliyenifundisha kazi, akisubiri gari lake lipakiwe. Alikuwa amesikia yote.

"Umefurahi," akasema.

"Mzee, hata wewe ungefurahi."

"Ningefurahi, halafu ningeuliza. Wewe umesifiwa tu, tayari nakuona umeshahama. Gari hujaliona. Gereji yake hujaingia. Dereva aliyekuwepo hujui amekwenda wapi. Kwenye kampuni kubwa kosa la mwenye magari mnagawana watu wengi. Kwenye kampuni ya malori matatu, kosa lake lote litakuja kukaa kwenye kiti chako. Nenda kaangalie kwanza."

Alisema kwa ukali, na hakunipa nafasi ya kujibu. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu kila kitu ninachojivunia katika kazi hii kilianzia kwenye karipio lile.

Basi siku yangu ya mapumziko ilipofika, nikaanza na huyo dereva aliyeondoka. Aliitwa Tweve, nikamkuta nje kidogo ya mji wa Njombe akipalilia miche ya parachichi. Tulisalimiana, akanikaribisha togwa, nikamuuliza bila kuzunguka: kwa nini uliacha?

"Mgongo umenikataa," akasema. "Nilipolazwa, Mama Neema alikuja kuniona mara nyingi kuliko hata shemeji zangu."

"Na kasoro yake?"

Akacheka. "Ana kichwa kigumu. Na kila kitu kwake ni kwa mdomo. Ukimwambia habari ya mkataba anaona unamtukana."

Hayo mawili nikayaweka kichwani. Kutoka hapo nikaenda gerejini kwa Mama Neema, nikavua koti, nikaingia chini ya magari. Yalikuwa makuukuu, hilo halikujificha. Lakini tairi zilikuwa nzima, tena za mbele hazikuwa zile kuukuu za kuchongwa upya, na hakuna mahali nilipokuta waya umefanyishwa kazi ya bolti. Fundi wake, kijana wa Kikinga aitwaye Sanga, alikuwa akinitazama nikijitoa chini na matope mgongoni. Nikamuuliza, ukisema gari hili lisitoke, nani anaweza kulitoa? Akanijibu, "Mama mwenyewe hajawahi." Hakufikiria kabla ya kujibu, na hilo ndilo lililonipendeza.

Ilibaki kuzungumza na mwenyewe. Nilimwomba tupande lori moja twende nalo Njombe na kurudi, mimi nikiendesha, yeye kiti cha pembeni. Mtu akiwa kwenye gari lake husema mambo asiyoyasema akiwa nyuma ya meza. Nikamuuliza habari ya bima, akanieleza vizuri. Nikamuuliza anabeba mizigo ya nani. Akasema nusu ya kazi yake inatoka kwa tajiri mmoja wa viazi.

"Akiondoka huyo?" nikauliza.

Aligeuza uso kutazama mashamba ya chai tuliyokuwa tunayapita. "Akiondoka tutaumia," akasema. "Sitakudanganya."

Jibu hilo halikuwa la kufurahisha, lakini lilinipa imani. Ndipo nikaleta la mkataba. Loo! Akageuka mzima mzima.

"Baba Upendo, mimi nimekaa na madereva kwa neno langu, na hakuna aliyelala njaa. Wewe unanionaje?"

"Nakuona mtu mwema, Mama. Ndiyo maana nimekuja. Lakini ukiugua wewe, akashika kazi ndugu yako ambaye hanijui, hilo neno lako nitamwonyesha vipi?"

"Endesha gari," akasema. Tulirudi Makambako kila mtu akitazama barabara yake. Nikajua kazi imeniponyoka, nikamwambia mke wangu hivyo, naye akasema bora kukosa kazi kuliko kuikosea. Zikapita siku kadhaa. Mama Neema akaja nyumbani, mabuti yakiwa yaleyale, akakaa, akanywa chai, halafu akatoa mkataba. Na wa Sanga. Na wa madereva wengine wawili. Alikuwa amewaandikia wote. "Umenikera sana," akasema, "lakini hukukosea." Nikasaini palepale, mke wangu akishuhudia.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hayo yote yangekuwa maneno matupu bila siku ya Matamba.

Ilikuwa masika. Nilipakia viazi vya yule tajiri kule Matamba, juu milimani, gari limejaa magunia, nashuka kuelekea Chimala. Kama hujaipita njia ile, ujue kwamba mlima wote unaushuka kwa kona, moja ikiisha nyingine imeshaanza, na upande mmoja ni bonde unaloliona kama ramani. Kabla ya kuanza kushuka nilisimama kama kawaida yangu kujaribu breki. Mshale wa kipimo cha upepo wa breki ukashuka kuliko unavyopaswa. Nikajaza upepo, nikajaribu tena, ukashuka tena. Nikazima gari, nikaweka mawe kwenye tairi.

Yule tajiri alikuwa nyuma yangu na gari lake dogo. Akashuka akiwa ameshika simu, sokoni Dar es Salaam wanamsubiri.

"Dereva, tatizo nini? Teremka taratibu na gia ndogo. Wenzako wanashuka kila siku."

"Breki hazina upepo wa kutosha, tajiri. Halishuki."

"Wewe ni dereva au abiria? Ngoja niongee na mwenye gari!"

Akapiga. Akaongea kwa sauti ya juu, akasema nisiposhuka leo, kampuni hii haitabeba tena kiazi chake hata kimoja. Nilisimama kwenye ukungu nikisikiliza. Nilijua nusu ya kazi yetu iko mkononi mwa mtu yule. Nilijua Upendo yuko sekondari na ada yake inanisubiri. Halafu akanisukumia simu.

"Baba Upendo," sauti ya Mama Neema ikasema, "wewe unaonaje?"

"Halishuki, Mama."

"Basi halishuki. Mrudishie simu yake."

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Hakuniuliza nina uhakika gani. Hakuniambia nijaribu kidogo. Yule tajiri akalipuka kwa matusi, akatafuta malori ya watu wengine kuhamisha magunia yake, mimi nikabaki na gari tupu kwenye baridi ya mlima. Kesho yake asubuhi pikapu ikapanda kutoka chini. Sanga ndiye aliyekuwa anaendesha, na pembeni yake alikuwa Mama Neema mwenyewe na chupa ya chai mapajani. Sanga akafungua, akakuta mpira wa breki ya nyuma umechanika ndani, mahali ambapo jicho halifiki bila kufungua. Kule chini, katikati ya zile kona, ungemalizia kupasuka. Alinionyesha. Mama Neema alikishika kile kipande cha mpira, akakigeuzageuza, akasema, "Mungu mkubwa," akanimiminia chai.

Nimeendesha magari miaka mingi, nimesifiwa mara nyingi, lakini sijawahi kujisikia mwanamume kamili kama nilipokuwa nakunywa chai ile.

Yule tajiri alitimiza ahadi yake. Aliondoka, na tukaumia kama Mama Neema alivyoniambia siku ile kwenye mashamba ya chai. Lori moja lilisimama bila kazi. Mama alituita wote gerejini, akatueleza hali ilivyo, akasema atakayepata kazi kwingine aende kwa amani na atamsemea vizuri. Hakuna aliyekwenda. Tulibeba mbao, tukabeba mbolea, tukabeba hata mawe ya kujengea msingi wa kanisa. Taratibu wakulima wa Matamba, waliokuwa wamesikia kilichotokea mlimani, wakaanza kutuita wenyewe, kila mmoja na mzigo wake mdogo. Leo ukipita gereji ile utakuta malori zaidi ya unavyodhani, na Neema mwenyewe, yule binti wa Mama, ndiye anayeyasimamia. Kuna vijana pale wasiojua hata sura ya yule tajiri. Lakini dereva akipiga simu akasema "halishuki", hakuna anayebishana naye. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile, na mimi niliyeitamka mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa mkulima tu, niliyeishia darasa la saba. Niache nijivune kidogo, nimezeeka.

Kwa hiyo wewe uliyepata leseni ya magari makubwa, ukiitwa na kampuni ndogo, usiidharau kwa udogo wake. Pale utaitwa kwa jina lako, utakula meza moja na mwenye mali, na kazi yako nzuri itaonekana. Lakini usiingie kwa sababu umesifiwa. Mtafute aliyeondoka, umsikilize mpaka mwisho, hasa anapotaja kasoro. Lala chini ya gari, ulione kwa macho yako. Uliza mzigo unatoka kwa nani na akikasirika mtaishije, maana kampuni ndogo ikipoteza mteja mmoja, hata wewe utajua. Mkataba uombe kwa heshima na usione haya, hata kwa mtu mwema. Kwa mtu mwema ndiyo rahisi zaidi kuuomba. Na juu ya yote mpime mwenye gari kwa jambo hili moja: siku utakaposema hapana kwa ajili ya uhai wako na wa watu walio barabarani, atasimama upande gani? Ukiona atasimama upande wa mzigo, mrudishie ufunguo wake hata kama anakulipa vizuri, uende zako kichwa juu.

Ukimpata wa kusimama nawe, mtunzie gari lake kama la baba yako.

Nenda sasa, mwanangu. Bwana akutangulie unapopanda na akushike unaposhuka. Mikono yako isitetemeke, macho yako yasichoke kabla ya safari, na kila mlango unaoufikia usiku au mchana ukufungukie kwa furaha. Watoto wako wakutaje kwa majivuno, na uzee wako ukukute nyumbani, ukiwa mzima, ukiwasimulia wengine.