Pilipili Juu ya Wavu wa Ndagala

Kazi yangu ni kuandika kinachotoka. Biro yetu iko karibu na bandari ya Kalemie, chumba kimoja cha ofisi chenye meza mbili na feni isiyozunguka, na wafanyabiashara wanaotaka kuvusha mali kwenda Kigoma wananiletea karatasi niwajazie. Kuna mstari unaouliza aina ya bidhaa. Kwa miaka mingi nimeandika hapo maneno yale yale: mawe ya madini, ndagala, mawese, ndagala, mawe. Karatasi za kinachoingia ni za mwenzangu wa meza ya pili, naye hachoki kuniringia, maana kwake kila siku kuna jipya: sabuni, simenti, biskuti, viti vya plastiki, hata vijiti vya kuchokonoa meno.

"Inchi yote hii ya miti," huwa anasema, "na vijiti tunanunua ng'ambo."

Zamani nilicheka. Siku hizi nasema ndiyo, naendelea kujaza. Sina hasira wala matumaini, na nisidanganye kwamba hali hiyo inaniuma. Haiumi. Mtu akikaa muda mrefu kwenye kiti kimoja, mguu unakufa ganzi, anasahau kwamba anao.

Ikaja semina. Mwalimu wake alitoka Kinshasa, kijana mwenye viatu vya kuchongoka, na Kiswahili chetu hakukijua, hivyo niliitwa nitafsiri Kifaransa chake kwenye ukumbi wa parokia, mbele ya akina mama wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama yangu alikaa kiti cha mbele kabisa, na kitambaa chake cha Jumapili kichwani. Mwalimu akasema nchi inayouza ng'ambo kitu kimoja au viwili haikui, na kama inakua, siku bei ya kitu hicho ikianguka inaanguka nacho. Zilizokua, alisema, ni zile zilizoongeza kitu juu ya kitu. Akachora ubaoni kiti cha mguu mmoja.

"Papa," akasema mama mmoja wa nyuma, "ile si kiti, njo kijiti."

Ukumbi mzima ukacheka, na mwalimu akacheka pia bila kujua kwa nini, nikamweleza baadaye.

Hakusema uongo. Nimejaza karatasi za kutosha kujua kwamba hakusema uongo. Bei ya mawe ikishuka huko mbali, bandari yetu inanyamaza. Ziwa likifungwa ili samaki wazaane, akina mama wanakaa vizingitini wakisukana nywele. Lakini mimi niliyatafsiri maneno yake kwa moto kuliko alivyoyasema. Yeye alitaja kahawa, asali, tangawizi na pilipili, akapita. Mimi nikasimama kwenye pilipili. Nilijua mama analima kipande cha shamba mlimani nyuma ya nyumba, na nilijua mnunuzi mmoja wa Kigoma aliyekuwa ameniuliza kama kwetu pilipili kavu zinapatikana. Nikasema mengi ambayo mwalimu hakuyasema, nikimtazama mama yangu.

Hapa lazima nieleze habari ya nafasi, maana bila hiyo hakuna cha kueleza.

Kwetu mama wa ndagala hanunui samaki popote anapotaka. Ana mtumbwi wake. Alfajiri mitumbwi inaporudi, kila mmoja una akina mama wanaoungoja kwa mstari, na mstari huo haubadiliki. Wa kwanza anapimiwa mabeseni yake kwanza, akiwa na samaki wazima wanaong'aa. Wa mwisho anachukua kilichobaki, na siku nyingine hakibaki kitu. Hakuna daftari wala mkubwa wa kuamua. Nafasi inalindwa kwa miguu: unakuwepo. Ukiugua unamtuma dada yako au binti yako akusimamie. Ukikosekana mwezi, wa nyuma yako anasogea mbele, nawe ukirudi unaanzia mwisho, na hakuna wa kumlaumu. Mama yangu alikuwa wa kwanza kwenye mtumbwi wake. Nafasi hiyo aliipokea kwa bibi yangu, aliyeisimamia tangu mama akiwa mgongoni. Nyumba yetu ni ya kupanga. Alichokuwa nacho duniani, cha kusema hiki ni changu, ni pale mbele ya mstari.

Mwalimu alisema ongezeni, hakusema acheni. Lakini asubuhi ni moja. Pilipili changa zinataka maji kabla jua halijapanda, mitumbwi inafika saa hiyo hiyo, na mama ana goti bovu.

"Mushika mbili, moja inamuponyoka," akaniambia jioni moja tukila. "Sasa mi nishike gani?"

"Shika pilipili, Mama."

"Na nafasi yangu?"

"Tutaona."

Nilisema hivyo nikimega tonge la bukari, macho yangu yako kwenye sahani. Biro inafunguliwa saa mbili. Ningeweza kwenda kumsimamia kila alfajiri, nikarudi, nikaoga, nikafika kazini kwa wakati. Alikuwa na binti mmoja tu wa kumtuma, na binti huyo nilikuwa mimi. Hakuniomba, nami sikujitolea. Nilikuwa nimezoea kulala mpaka saa kumi na mbili.

Mama akaacha kwenda mtumbwini. Pilipili zilikubali. Shamba likawa jekundu hata ukilitazama kutoka barabarani. Nilimsomea mama maagizo ya mnunuzi kwenye simu: zivunwe zimeiva, zitolewe vikonyo, zikaushwe mahali pasafi, zisiguse udongo. Hilo la usafi alilishika kuliko yote. Alifikiria siku mbili. Mkeka una vumbi, akasema, na turubai inatoa jasho. Mwishowe akatoa kitu kisafi kuliko vyote alivyokuwa navyo, ambacho hata mimi sikuruhusiwa kukigusa kwa mikono isiyonawa: wavu wake wa kuanikia ndagala. Akaufua kwa sabuni mara tatu, akausuuza ziwani, akautandaza juu ya miti yake, akazimwaga pilipili. Akawa anazigeuza kwa kiganja taratibu, jinsi anavyogeuza ndagala, akifukuza kuku kwa kanga.

Niliona. Nilipita pale kila jioni, nikasema, "Mama, umefanya muzuri." Nilizipiga picha nikamtumia mnunuzi, naye akajibu kwamba zinavutia.

Karatasi nilijaza mwenyewe. Aina ya bidhaa: pilipili kavu. Magunia manne. Mwenzangu akainuka mezani kwake kuja kusoma, akanipa mkono kama mtu aliyepata mtoto. Nilitegemea nitafurahi. Nilisikia kitu kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani.

Tulivuka pamoja, mama na mimi, tumekaa juu ya magunia yetu. Kigoma wapagazi waliyashusha, mtu wa forodha akafungua moja, akapiga chafya, akacheka, akagonga muhuri. Mnunuzi alitungojea kwenye ghala lake. Mzaliwa wa mbali, wa upande wa pwani, amekuja Kigoma kwa biashara tu. Alimwambia mama shikamoo, na mama, maana kwetu hatusalimiani hivyo, akamjibu, "Jambo, Papa." Mnunuzi akaingiza mkono guniani, akatoa pilipili chache, akazipeleka puani. Akakaa nazo pale. Akafungua gunia la pili, na la tatu.

"Mama yangu," akasema polepole, "hizi mmezianika wapi?"

Mama alifurahi kuulizwa. Kwa safari nzima alikuwa akingoja mtu amuulize. "Juu ya wavu yangu ya ndagala," akasema. "Hazikugusa udongo hata kidogo. Nilifua ile wavu mara tatu, na sabuni."

Mnunuzi akanitazama mimi. "Dada, zinanuka dagaa."

Nikachukua moja, nikanusa. Nikanusa nyingine. Nilisikia pilipili tu, mpaka machozi yakanitoka. Mama naye akanusa, akatikisa kichwa. "Mi sisikie kitu."

"Hamuwezi kusikia," akasema, bila dharau. "Hata watu wa hapa Kigoma hawasikii. Lakini ninaowauzia watasikia, na watanirudishia zote."

Akatuagizia chai. Mama alikunywa yake yote, kwa heshima. Kwenye boti ya kurudi alikaa na gunia moja wazi mapajani, kila mara anainamisha uso, ananusa, anafunga. Nilifikiri nitalia. Nilingoja. Tulifika Kalemie ningali nangoja.

Pilipili zote tuliziuza sokoni kwetu, kwa mafungu madogo, na zilikwisha upesi. Watu walizisifu. Mama mmoja alirudi mara mbili akisema ukitia hizi kwenye mboga ya sombe huna haja ya samaki.

Kisha mama akarudi kwenye mtumbwi wake. Siku hiyo nilimsindikiza, kumbebea beseni. Aliyesimama mbele alikuwa yule aliyekuwa wa pili miaka yote, mtu mwema, aliyetuletea chakula siku tuliyofiwa na baba. Alimwona mama akija. "Karibu, Mama," akasema, na kwa kidevu akaonyesha nyuma. Mama hakubishana. Desturi anaijua kuliko mimi. Alipita mbele ya kila mwanamke mstarini akiwasalimia mmoja mmoja, mpaka akafika nyuma ya msichana aliyekuwa bado na mashimo ya masikio mapya, akasimama. Ndagala ziliisha watu watatu kabla yake.

Mwalimu alirudi msimu uliofuata, ukumbi ule ule, nami nikaitwa tena. Safari hii alikuwa na nakala ya karatasi zetu za bandari. Akasema kwa furaha kwamba kuna bidhaa mpya imetoka Kalemie kwenda ng'ambo, pilipili kavu, ambayo zamani haikuwamo kabisa. Ilikuwa karatasi yangu, mwandiko wangu. Hakuna mstari kwenye karatasi ile unaouliza kama mali ilirudi. Niliyatafsiri yote bila kukosea. Akauliza kama mama wa pilipili yumo ndani.

Mama akainuka, ameshika goti. Watu wakampigia makofi, hata waliojua. Mwalimu akaomba aseme neno.

Mama alinitazama mimi, si yeye. "Umwambie pilipili ilirudi," akasema. "Umwambie ilinuka samaki, na nafasi yangu ilienda. Umwambie mbele ya watu, asifundishe wengine vile."

Nikamgeukia mwalimu. Kifaransa cha kusema hayo nilikuwa nacho. Nikamwambia: mama anashukuru sana.

Mwalimu akacheka kwa furaha, akapiga makofi tena. Mama akautazama uso wake muda mrefu, akakaa.

Njiani kurudi, karibu na nyumba, mama akaniuliza.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na akacheka?"

"Akacheka."

Akatikisa kichwa taratibu, akafungua mlango. Alfajiri nilimsikia akitafuta beseni lake gizani kwa mikono, asiniamshe. Nilikuwa macho. Nililala hivyo hivyo mpaka saa kumi na mbili.