Kuku Hawamo Kwenye Mchoro

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Singida mjini, nikisubiri kugongewa muhuri. Ukutani wamebandika mchoro wa soko jipya litakalojengwa pale wanapouzia kuku wa kienyeji. Ni ghorofa mbili, vioo kila upande, na wateja waliochorwa humo ni Wazungu tupu, mikoba mikononi.

Mama mmoja muuza kuku kutoka Mtinko alikuwa akipitisha kidole kwenye mchoro, kona hadi kona. Mwisho akamgeukia ofisa.

"Baba, sisi mmetuweka wapi?"

"Humo humo, mama. Ila kuku hai hawataruhusiwa. Mtaleta waliochinjwa, wakae kwenye friji."

"Nani atanunua kuku ambaye hakumwona akiwa mzima?"

Ofisa akatabasamu kama anayemfundisha mtoto. "Mteja wa kisasa haangalii hayo, mama."

Mama akashukuru, akaondoka.

Mchana nikapita sokoni. Nikamkuta ofisa wetu amechuchumaa mbele ya matenga ya mama yule yule, tai ameirushia begani. Alimnyanyua jogoo kupima uzito, akampuliza manyoya ya kifuani aone nyama, akamrudisha, akachukua mwingine, akampuliza naye. Kumbe hawa wanaotuchorea mji wanamchorea mteja ambaye wao wenyewe hawajawahi kuwa.

"Huyu hajaugua kweli?" akauliza, bila hata haya.

"Puliza tu, baba," mama akamjibu. "Kwenye friji utapuliza barafu."