Kichwa cha Abdu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Nimekusikia ukilalamika kwamba klabu yenu imewakataza watoto wadogo kupiga mpira kwa kichwa. Unasema sasa mnafundisha mayai. Keti kwanza. Mimi nami niliwahi kuwa kocha, na mdomo wangu ulikuwa kama wako.

Zilikuwa zama za utawala wa wanajeshi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikifundisha watoto wa askari polisi kambini kwao, mtaa wa Kamwokya. Mpira wetu ulikuwa wa ngozi, ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Niliufunga kwa kamba kwenye mwamba wa goli, na kila mtoto aliupiga kichwa mara hamsini kabla ya kukimbia. Abdu nilimpa mia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, anaruka kama swala. Wakati mwingine aliniambia, "Kocha, naona nyota." Nami nikimjibu, "Zihesabu." Wenzake walicheka. Mzazi akininung'unikia, nilimwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali nzuri mkononi mwa mjinga ni panga.

Basi kapteni mmoja wa jeshi akatuahidi viatu, akasema atakuja kututazama tukicheza. Asubuhi ya mechi mama yake Abdu alinijia. Alikuwa Mnubi, msusi wa vikapu, mtu wa maneno machache.

"Mwalimu, Abdu iko na kichwa mbaya tangu juzi. Jana alitapika. Leo asicheze."

"Mama, kichwa ya mwanaume haiumi."

"Kichwa ya mtoto si nyundo," akasema.

Nikamwacha amesimama. Nilimwogopa kapteni, ndiyo, nani hakuwaogopa siku zile? Lakini nisikudanganye, mwanangu. Zaidi ya woga nilitaka sifa.

Mvua ilinyesha. Ikapigwa kona, Abdu akaruka, akafunga kwa kichwa. Kapteni akapiga makofi. Ikaja kona ya pili, akaupiga tena, safari hii akaanguka chini kama nguo iliyodondoka kutoka kambani. Alipofumbua macho nilimpiga kofi mgongoni, nikamrudisha uwanjani. Akaanza kukimbia na mpira kuelekea goli letu wenyewe. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Baada ya mechi aliniuliza, "Kocha, leo tumecheza na nani?"

Hakurudi kuwa yule yule. Mwanga wa jua ulimuumiza, kusoma kukamshinda, akaacha shule. Ukimuuliza jambo alikutazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Watoto wa kambini walimzoea. Lakini zama zile hazikuwa za kukawia kujibu.

Miezi minne hivi ikapita, akatumwa mtaa wa jirani, Bukoto, kupeleka kikapu. Njiani palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Mwenye duka aliyeona alitueleza yote. Askari aliuliza, "Jina yako?" Abdu akamtazama. Akauliza mara ya pili, mara ya tatu. Mtoto anatafuta jina lake halipati. Askari akaona anadharauliwa, akampiga kitako cha bunduki, wakamtupa ndani ya gari. Baba yake, polisi mwenye sare, alimtafuta kila kambi ya jeshi, hadi alipoambiwa anyamaze kama anawapenda watoto waliobaki. Hata maiti hatukupewa.

Nilikwenda kwa mama yake. Alikuwa anasuka, hakuinua macho.

"Mwalimu," akasema, "wale walichukua mwili tu. Mtoto mwenyewe ulichukua wewe, kabla yao."

Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, nikaondoka bila kuuomba. Nikasema nitarudi kesho, na kesho nyingine. Utawala ule ulipoanguka, Wanubi wengi, waliohesabiwa kuwa watu wa utawala huo, walikimbilia kaskazini kuogopa kisasi, naye akaenda na wanawe. Sikumwona tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sikujaribu hata kuyazoa.

Najua utaniambia aliyemuua ni askari, si mpira. Nimejiambia hivyo mpaka nimezeeka. Haijanisaidia.

Kwa hiyo, mwanangu, hiyo sheria mnayoicheka ishike kwa mikono miwili. Mtoto mdogo mwache acheze kwa miguu. Atajifunza kuruka akishakomaa. Akikwambia kichwa kinauma, usimpime uanaume. Akianguka akapoteza fahamu, mtoe, apelekwe hospitali, asirudi uwanjani siku hiyo hata kama rais mwenyewe amekaa anatazama. Na mama mtu akija kukusemesha, vua kofia umsikilize, maana yeye ndiye anayelala na kuamka na huyo mtoto. Goli husahaulika kabla jezi haijakauka.

Mungu akupe moyo wa kusikia unapoambiwa mara ya kwanza. Watoto wako wote wazeeke na akili zao timamu. Nawe uzeeke bila mlango wowote ambao ulipaswa kuugonga na hukuugonga. Amina.